Edward Tingatinga: Miaka minne ya rangi iliyofika hadi ufuo wa Kisumu

Jijini Kisumu neno tingatinga lina maana mbili zinazofahamika na kila mtu, na zote mbili hazihusiani na uchoraji. Kwa mkulima wa mpunga kule Ahero, tingatinga ni trekta ya kulimia. Kwa mfuasi wa siasa, ni asili ya lakabu ya marehemu Raila Odinga, ambaye chama chake cha NDP kiliingia katika uchaguzi mkuu wa 1997 kikiwa na trekta kama ishara yake. Tangu siku hizo hadi alipoaga dunia mnamo Oktoba 2025, jina Tinga halikumbanduka.

Ipo hata hivyo maana ya tatu, na hii hutundikwa ukutani. Mgeni anayetafuta kumbukumbu ya kubeba kutoka ufuo wa Ziwa Victoria huonyeshwa vinyago vya mawe ya Kisii, huonyeshwa vikapu, kisha huonyeshwa picha zilizochorwa kwa rangi zinazong'aa kama bati jipya. Huenda picha ikawa na mashua moja tu yenye tanga jeupe, jua jekundu nyuma yake, maji ya buluu iliyokolea na korongo mweusi aliyesimama kwa mguu mmoja. Hakuna kingine. Picha kama hizo huitwa za tingatinga, na wanunuzi wengi hudhani hilo ni jina la aina fulani ya rangi, au la kabila fulani, au la kijiji fulani cha Tanzania.

Ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa muda wa miaka minne pekee, kuanzia 1968 hadi 1972. Hakusomea sanaa popote. Aliuawa kwa risasi katika barabara za Dar es Salaam akiwa na umri wa takriban miaka 40, wakati ambapo ndiyo kwanza kazi yake ilikuwa imeanza kumpa riziki ya uhakika.

Vitabu vingi vinataja mwaka wa 1932 kuwa ndio aliozaliwa, katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa iliyokuwa Tanganyika, karibu na mto Ruvuma unaotenganisha nchi hiyo na Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Jina lake lenyewe linakusanya historia ya pande hizo, kwani ndani yake mna Edward wa misheni na Saidi wa msikiti, kisha Tingatinga ya ukoo, jina ambalo alilirithi kutoka kwa baba wala hakulibuni kwa ajili ya biashara.

Wangindo ni miongoni mwa jamii zilizopigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ni miongoni mwa zilizolipia vita hivyo kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Robo karne baadaye, Edward alipozaliwa, eneo hilo lilikuwa bado ni la wakulima maskini waliozungukwa na nyika yenye wanyama tele. Tembo waliingia mashambani. Chui walichukua mbuzi. Ndege wa kila rangi walishuka kwenye mtama. Mtoto aliyekulia huko hakuhitaji kupelekwa mbugani kutazama wanyama, kwa sababu mbuga ilimfuata hadi mlangoni.

Alisoma kwa miaka michache katika shule ya misheni, kisha akaacha. Katikati ya miaka ya 1950 akafanya kama walivyofanya maelfu ya vijana wa kusini wakati huo. Akaenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Neno manamba lilitokana na nambari alizopewa kila kibarua. Ilikuwa ni kazi ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo, na wengi hawakuirudia walipopata pa kwenda.

Yeye alipata pa kwenda. Kabla ya miaka ya 1950 kumalizika alikuwa amefika Dar es Salaam, ambako jamaa yake alikuwa akifanya kazi ya upishi katika nyumba ya afisa wa kikoloni. Naye akaajiriwa katika kazi za nyumbani na bustani. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, na Waingereza wengi kufungasha virago, ajira za aina hiyo zilipungua. Tingatinga akabaki mjini akihangaika kama wahangaikavyo wengi. Alifanya vibarua. Aliuza mboga na matunda. Alipenda ngoma na muziki, na wenzake walimjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa brashi.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na wageni wa aina mpya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wataalamu wa misaada kutoka nchi za Skandinavia walimiminika, na wengi walikaa Oyster Bay, mtaa wa ufuoni uliokuwa wa Wazungu enzi za ukoloni. Watu hao walinunua vinyago vya Wamakonde. Inaelezwa kwamba walinunua vilevile picha zilizochuuzwa mitaani na wachoraji kutoka Kongo. Tingatinga aliziona picha hizo, akaona pia pesa zilizotolewa kuzinunua, na akaamua kwamba kazi hiyo hata yeye angeiweza.

Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, na hata angekuwa na pesa asingejua pa kuzinunua. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa kuzibia dari, ule ambao mafundi huuita hadibodi, akavikata mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60. Rangi alizotumia ni za mafuta zilizouzwa madukani kwa ajili ya kupaka baiskeli na milango. Katika Kisumu ya zamani, kabla pikipiki hazijatwaa biashara ya bodaboda, mafundi wa baiskeli walikuwa na mikebe ya rangi hizo hizo vibandani mwao, nyekundu, kijani, buluu, manjano, nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo mchoraji huyu alianza na kile ambacho fundi yeyote wa baiskeli angemwazima.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana watu wengi humsifu Tingatinga kwa wanyama wake na kusahau jambo lililo gumu zaidi katika kazi yake, yaani jinsi alivyokijaza kibao.

Rangi ya baiskeli ni nzito na hukauka ikiwa na mng'aro. Haikubali kuyeyushwa polepole kutoka rangi moja hadi nyingine kwa namna ambayo wachoraji wa Ulaya waliifanya rangi yao ya mafuta ya kitani kuyeyuka. Ukiipaka rangi ya pili kabla ya ya kwanza kukauka, zinavurugana na kuwa tope. Ukisubiri ikauke, mpaka kati ya rangi hizo mbili unabaki wazi kama ukuta. Mchoraji aliyezoea kutafuta vivuli vya taratibu angeitupa. Tingatinga aliifuata tabia yake. Alipaka usuli wote kwanza, mara nyingi kwa rangi moja au kwa rangi mbili tu zinazopokezana kutoka juu hadi chini, akauacha ukauke. Juu yake akaweka mnyama kwa rangi moja iliyokolea. Baadaye ndipo akaja na madoa, mistari na macho.

Matokeo yake ni kwamba hakuna mahali pa jicho kupotelea. Chui wa Tingatinga hasimami mbali katikati ya majani. Ameletwa mbele hadi mkia wake unapinda kuufuata ukingo wa ubao na makucha yanakaribia kugusa upande wa chini. Pembe inapobaki tupu, mchoraji huiwekea tawi, au ndege mdogo, au huirefusha shingo ya mnyama iifikie. Hakuna upeo wa macho wala mlima wa mbali, na kivuli hakianguki chini. Mnyama huonekana kwa ubavu, ila macho mara nyingi humgeukia mtazamaji. Kwa kuwa ubao ni mraba, hakuna upande ulio mrefu wa kuyapeleka macho pembeni, na mchoraji analazimika kupima uzito wa kila kitu kutoka katikati.

Watu waliosomea sanaa walichelewa kulikubali jambo hilo. Kwao, picha isiyo na umbali ilikuwa picha ya mtoto. Wakasahau kwamba huko Ufaransa, mnamo 1905, Henri Matisse na André Derain walikaa katika kijiji cha wavuvi cha Collioure wakipaka bahari nyekundu na ufuo wa waridi, na wakakejeliwa Paris kwa kupakaza rangi kama wanyama wa mwituni kabla ya kuitwa magwiji. Tingatinga hakuwajua watu hao. Alifika alikofika kwa njia ya mkebe wa rangi na ubao wa dari, na labda ndiyo maana picha zake hazina kiburi cha kubishana na mtu.

Wala hawa wa kusini hawakuwa wa kwanza katika Afrika Mashariki kuamini rangi chache na umbo lililo wazi. Kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria hilo hilo, wenyeji wa Suba wanayajua mapango na miamba ya Mawanga na Kwitone, ambako miviringo mikubwa ilipakwa kwa rangi nyekundu na nyeupe karne nyingi zilizopita. Michoro hiyo inahusishwa na watu wa jamii ya Watwa walioishi huko kabla ya wenyeji wa sasa, na wanakijiji waliihusisha na uombaji wa mvua. Ni rangi mbili pekee na umbo moja linalorudiwa, lakini anayeingia hapo haangalii kitu kingine.

Turudi Dar es Salaam. Vibao vya kwanza viliuzwa nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, huko Oyster Bay, mahali ambapo Wazungu walikwenda kununua mkate na mboga. Mkewe Agatha alikuwa ndiye muuzaji mkuu. Alikaa na vibao hapo, akapatana na wateja, akarudi nyumbani na shilingi chache. Mara nyingi katika masimulizi ya wasanii mke hutajwa kama aliyevumilia tu. Agatha alifanya zaidi ya hayo, maana bila soko alilolikalia kila siku, yumkini kazi ya mumewe ingekoma baada ya kibao cha kumi.

Hata hivyo brashi haikuweza mara moja kulisha nyumba. Kwa muda fulani Tingatinga aliajiriwa kama mhudumu katika hospitali ya Muhimbili, akichora nyakati asizokuwa zamu. Mambo yalibadilika pale shirika la umma lililosimamia biashara ya sanaa lilipoanza kununua picha zake kwa wingi ili kuziuza kwa watalii. Sasa alikuwa na mnunuzi wa uhakika, na akaiacha hospitali.

Mahitaji yalipozidi, alifanya jambo ambalo msanii mwenye wivu asingelifanya. Aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao kusini, akawaketisha pamoja naye na kuwaonyesha kila alichokijua. Waliokuja ni pamoja na Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah. Walijifunza kwa kutazama na kusaidia, kama mwanafunzi wa seremala au wa fundi cherehani anavyojifunza. Mmoja alipaka usuli, mwingine akajaza umbo, kisha mwalimu akamalizia. Darasa lao lilikuwa kivuli cha mti na ua wa nyumba.

Tangu mwanzo, basi, kazi hii ilifanana na karakana zaidi kuliko chumba cha msanii mpweke. Jambo hilo ndilo lililoiokoa, na ndilo lililoleta mizozo yake ya baadaye.

Kuna jambo moja la kushangaza kwa anayezijua picha hizi kutoka Kisumu au Mombasa. Tingatinga aliishi karibu na bahari. Oyster Bay ni ufuo, na Msasani iliyo jirani ni kijiji cha wavuvi cha zamani. Kila siku aliweza kuziona ngarawa zikirudi, matanga yakikunjwa, wanawake wakisubiri dagaa na samaki wa kukaanga. Lakini bahari hiyo haikuchukua nafasi kubwa katika vibao vyake. Mkono wake ulirudi Tunduru, kwa chui, simba, swala, tembo, kanga na ndege wenye mikia mirefu. Alichora alichokumbuka, wala si kilichokuwa mbele yake.

Ufuo uliletwa na waliomfuata. Baada yake wachoraji wa mtindo huo walianza kuweka mashua, minazi, wavuvi, samaki na masoko, na kutoka hapo mtindo ukawa na njia ya kufika kwenye maziwa. Anayetaka kujua kama somo la mwalimu lilieleweka na ajaribu kuuchora ufuo wa Kisumu kwa kanuni zake.

Jioni kule Dunga si mandhari rahisi. Kuna mafunjo, kuna gugumaji lililosukumwa na upepo, kuna mashua zenye majina na nakshi ubavuni, nyavu zilizoanikwa, omena waliotandazwa, watoto, mbwa, bodaboda, na upande wa pili wa ghuba vilima vinavyofifia. Ghuba ya Winam inafunguka kuelekea magharibi, hivyo jua huzama kwenye maji yenyewe na kuzipaka rangi zote hizo kwa dakika chache kabla ya giza. Mpiga picha hufurahia wingi huo. Mchoraji wa shule ya Tingatinga huanza kwa kuuondoa. Huyaacha mafunjo, huviacha vilima, huwaacha watu, hubaki na mashua moja. Kisha huikuza mashua hiyo hadi tanga liguse upande wa juu wa ubao. Maji na anga hazitenganishwi na ukungu wala kiwimbi, bali na rangi mbili zisizofanana hata kidogo, labda manjano juu na buluu chini. Jua likiwekwa, huwa duara kamili. Ndege huwekwa pale ambapo pembe imebaki tupu.

Ni kazi inayoonekana nyepesi, na asilimia kubwa ya zinazouzwa barabarani zinathibitisha kwamba si nyepesi. Mchoraji aliye na haraka huongeza mnazi hapa, twiga pale, mlima Kilimanjaro nyuma, hadi picha inakuwa kama gunia la mitumba. Mwingine hukosea kipimo, mashua inakuwa ndogo katikati ya bahari kubwa, na rangi kali inabaki ikipiga kelele bila ya kusema kitu. Chui wa Tingatinga alikaa kwenye ubao wake kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Mwaka wa 1972 mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kutazama mbele. Alikuwa na mke na watoto wadogo, wanafunzi, mnunuzi wa serikali na jina lililoanza kutajwa na wageni. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake. Polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walilidhania gari hilo kuwa la wezi wanaotoroka. Likafukuzwa. Risasi zikafyatuliwa, na mojawapo ikampata Tingatinga. Alifariki kabla ya kupata matibabu ambayo yangemwokoa.

Hakuwa mwizi, na hakuna aliyewahi kudai baadaye kwamba alikuwa mwizi. Wasomaji wa Kisumu, jiji ambalo limezika watu wengi waliopigwa risasi na polisi kwa miaka tofauti, hawahitaji kuelezwa jinsi kosa la aina hiyo linavyoingia nyumbani kwa mtu na kukaa. Kilichofuata kilikuwa cha kawaida pia. Kuna mjane, kuna watoto, na kuna vibao vichache vilivyokuwa bado havijauzwa.

Wanafunzi walikuwa na njia mbili, kutawanyika au kuendelea. Wengi waliendelea, palepale Morogoro Stores, na jina la marehemu likawa jina la kikundi chao. Kufikia 1990 walikuwa wamesajili chama cha ushirika, nao wakaanza kuwafundisha wengine kwa utaratibu uleule wa kuketi na kutazama. Mamia ya wachoraji wamepitia hapo au wamejifunza kutoka kwa waliopitia hapo. Mtindo nao haukubaki ulivyokuwa. Usuli uliokuwa mtupu ulijazwa madoa. Mnyama mmoja akawa kumi. Hadithi za soko, za hospitali, za mganga na za harusi zikaingia.

Simon Mpata alichukua njia yake. Alihamia Kenya, akachora na kuuza Nairobi, na kwa mkono wake mtindo huu ukapata wapenzi upande huu wa mpaka, hasa miongoni mwa Wajapani. Alifariki mwaka wa 1984. Hoteli moja ya kitalii katika Masai Mara, iliyojengwa na Wajapani, inaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa wageni wengi wanaolala hapo huenda hawajui kwamba Mpata alikuwa mchoraji, sembuse kwamba mwalimu wake alikuwa mhudumu wa hospitali.

Kenya ilichangia tena mwaka wa 2010, pale vibonzo vya watoto vilivyopewa jina Tinga Tinga Tales vilipoanza kuonyeshwa na BBC. Vilitengenezwa katika studio jijini Nairobi, na wachoraji wa mtindo huo walishirikishwa kutoa maumbo na rangi za wanyama waliosimulia ngano za Kiafrika. Watoto wa London wakamjua tembo na kobe wa Tunduru kabla ya watoto wengi wa Kisumu kuwajua.

Mafanikio ya aina hiyo ndiyo huibua swali la nani anafaidika. Sheria ya hakimiliki hulinda kazi yenyewe, wala hailindi mtindo. Yeyote anaweza kupaka mashua nyekundu kwenye ubao mraba bila kumlipa mtu. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda msanii maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na kwa hesabu hiyo ulinzi wa kazi za mtu aliyekufa 1972 ulimalizika pamoja na mwaka wa 2022. Jina la ukoo limekuwa jina la bidhaa, limebandikwa kwenye fulana, vikombe na mikoba. Familia na wanafunzi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuzuia hilo wakati lilipoanza, na sasa ni kama kujaribu kurudisha maji ya mto Nyando mlimani.

Tatizo jingine ni la kughushi. Tingatinga alitia sahihi yake kwa herufi zilizo wazi, na kwa kuwa alifanya kazi kwa miaka minne tu, vibao vyake halisi ni vichache na vinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani. Sahihi ya herufi kubwa ni rahisi kuigiza. Zimeuzwa picha zenye jina lake ambazo hakuziona kamwe, na kuwabainishia wanunuzi ipi ni ipi kumekuwa kazi ya wataalamu. Wanaozijua huanza kwa kutazama usuli. Mwigaji huweza kunakili chui doa kwa doa, lakini akifika kwenye nafasi tupu huona haya ya kuiacha tupu.

Vibao vingi alivyovichora mwenyewe vilisafiri na wenyewe, watu wa misaada waliorejea makwao mikataba yao ilipokwisha, wakavitundika sebuleni Copenhagen au Stockholm bila kujua vingekuja kuwa vya thamani. Baadhi yao waliviacha nje ya makabati, jua likavipiga, na rangi ya baiskeli haikupauka.

Kule Morogoro Stores wachoraji wangali wanaketi nje. Hadibodi imeachiwa kitambaa kinachoweza kukunjwa na kuingia katika sanduku la msafiri, lakini mikebe ya rangi ni ileile, na kazi mpya huegemezwa ukutani asubuhi ili ikauke. Kutoka hapo nyingine hupakiwa kwenye mabasi ya kwenda Arusha na kuvuka Namanga, zikapokewa Nairobi, na baadhi zikaendelea na safari hadi Kisumu, ambako korongo mmoja mweusi husimama kwa mguu mmoja kando ya vinyago vya mawe ya Kisii akisubiri mteja.